Dirisha la Dada Mwanawetu

Tulimzika dada yangu, Mwanawetu binti Swalehe, siku ya Jumanne, na Jumatano mchana ikanyesha mvua ya kujaza mapipa. Tulikuwa ndani ya nyumba yake Nambambo tukimsomea. Bila kuambiwa na mtu, wasomaji wote wakainua macho kutazama dirisha la upande wa mashariki. Halikutoa hata tone. Mzee mmoja akasema, "Hata leo?" Tukacheka, kisha tukarudi kwenye Yasini. Naamini Mwenyezi Mungu hakutukasirikia.

Naandika habari ya dirisha hilo kwa sababu inasimuliwa vibaya. Sokoni Nachingwea wanasema dada alizuia mvua kwa uganga. Ruangwa wanasema alimmwagia shemeji yake maji ya moto. Yote mawili ni uongo. Dada alishika bisibisi akiwa upande wa ndani, mimi nikashika fremu upande wa nje, na aliyemwaga maji alikuwa shemeji mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa gari. Wakati Wazungu walipokuja Nachingwea kung'oa miti ili walime karanga, bwana mpimaji mmoja aliletewa lori lililojengewa chumba mgongoni: kitanda, meza ya kukunja, kabati na madirisha mawili ya kioo. Alikuwa akilala humo kokote alikopima. Sisi tuliliita gari-nyumba. Dereva wake alikuwa Saadi bin Bashiri, mtu wa Nkowe, mpole, mwenye masikio ya kusikia ugonjwa wa injini kutoka mbali. Mwaka 1951 karanga zilikuwa zimeshindikana na Wazungu wengi wakafunga mizigo. Injini ya lori hilo ilikuwa imekufa kabisa, hivyo mpimaji akamwachia Saadi lile gari pamoja na barua, akaenda zake. Saadi akalivuta kwa trekta hadi Nambambo, akaliegesha kwenye kiwanja kidogo nyuma ya msikiti, na mwezi huohuo akamposa dada yangu.

Dada alikuwa ameshaachika mara moja, na umri wake ulikuwa umepita ule wanaoutaka waposaji. Walipomuuliza anataka mahari gani, akajibu, "Hilo gari." Watu wakadhani anatania. Saadi akasema mbele ya Mwalimu Abdala wa msikitini na mashahidi wawili, "Nimempa." Hivyo dada akawa mwanamke wa kwanza ninayemjua kuolewa kwa mahari yenye magurudumu sita.

Waliishi humo miaka miwili na miezi michache. Hawakujaliwa mtoto. Januari 1954 Saadi alipatwa na homa, na siku ya nne akafariki juu ya kitanda cha mpimaji. Dada akavaa kaniki, akaanza kukaa eda yake humohumo, miezi minne na siku kumi, kama dini inavyoagiza. Mimi, Awadhi, mdogo wake, nilikuwa nimemaliza sekondari na nilikuwa karani mjini Nachingwea. Nikaomba ruhusa kazini nikae naye, kwa kuwa baba na mama walikuwa wameshatangulia na hapakuwa na mwanamume mwingine wa damu yake wa kumtegemea.

Sasa, dirisha. Lilikuwa likivuja tangu zamani, lakini mvua za mwaka ule zilizidi. Maji yalitoka kwenye kona ya chini ya kulia, yakateremka ukutani na kuingia kwenye godoro. Tukihamisha godoro, yalifika mahali pa kusalia, kwani chumba chote kilikuwa hatua sita kwa tatu. Nilipaka lami kwa nje. Yakapungua siku moja, ya pili yakaongezeka. Nikapaka tena. Saadi naye alikuwa amepaka kabla yangu, na mpimaji kabla ya Saadi. Lami ilikuwa nene kama ngozi ya kifaru, na bado dada alisujudu juu ya mkeka unaochuruzika.

Wiki ya tatu ya eda, Jumamosi, akaja Amri bin Bashiri, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuja kwa baiskeli kutoka Nkowe, matope hadi magotini. Hakuingia, kwa kuwa shemeji si maharimu. Alisimama nje chini ya dirisha hilohilo, na dada akajibu kutoka ndani.

"Shemeji Mwanawetu, asalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam, shemeji. Sogea kidogo, hilo dirisha linatema mate."

"Ndilo lililonileta. Funga vitu vyako, nimekuja kukuchukua twende Nkowe. Utamalizia eda kwangu, penye paa la maana."

"Nani kafariki huko Nkowe?"

"Hakuna aliyefariki, alhamdulillahi."

"Basi eda yangu iko hapa, alipofia mume wangu."

"Hii si nyumba, shemeji. Nyumba gani ina usukani?"

"Yako haina choo, na bado watu wanasema nyumbani kwa Amri."

Niliuma mdomo nisicheke. Amri alikuwa mtu wa heshima zake, na jambo la choo lilijulikana. Akaniita pembeni, akaninong'oneza kwamba ameshazungumza na mwenye trekta. Wiki ijayo gari lingevutwa hadi Ruangwa, liwekwe karibu na soko, apate mahali pa kununulia ufuta na korosho. "Linaoza hapa bure," akasema. "Wewe umesoma, mweleweshe dada yako."

Sikumwambia kwamba gari ni mahari ya dada. Alijua. Alijua pia kwamba mahari ambayo mwenyewe yuko mbali Nkowe, katika ua wa mtu mwingine, ni rahisi kuvutwa na trekta.

Nakiri makosa yangu, maana marehemu haombewi kwa uongo. Niliingia ndani nikamwambia dada kuwa Amri ana haki kidogo. Mwenye eda anaruhusiwa kuhama nyumba ikiwa na madhara, nami nilikuwa nimeisoma hukumu hiyo kitabuni.

Dada alikuwa anakamua mkeka kwenye ndoo. Akauliza, "Madhara ni nini? Kuanguka?"

"Kuanguka, au moto, au mafuriko."

"Haya ni mafuriko?"

"Dada, unasali ndani ya maji."

"Nimekuuliza kama ni mafuriko."

Akakamua mkeka kwa nguvu zaidi. Kisha akasema kwa Kimwera, na akikasirika alikuwa hasemi lugha nyingine, kwamba hakuna mtu atakayemtoa kwa ajili ya tundu. Kama shida ni dirisha, aletewe dirisha.

Alasiri ile Mwalimu Abdala alikuja, Amri akiwa naye. Mwalimu alikuwa mzee mkavu, asiyependa kelele. Alisikiliza pande zote mbili, yeye nje na dada nyuma ya pazia la mlango. Mwisho akasema, "Mwanawetu, nyumba ya eda huachwa kwa dharura tu. Lakini mtu kukosa mahali pakavu pa kusujudia, hiyo nayo ni dharura. Ijumaa baada ya sala nitaingia na ndugu yako nitazame. Pakiwa pakavu, utabaki na hakuna wa kukusumbua. Pakilowa, utakwenda Nkowe na Amri."

"Na kama mvua haikunyesha Ijumaa?" akauliza Amri.

"Lete debe," dada akasema kutoka ndani. "Lete na ngazi."

Jumapili asubuhi mvua ilikatika. Dada akaniamuru niende nje. Nikauliza anataka nipake lami wapi. Akasema, "Hatupaki tena. Tunalitoa."

Nilishtuka. Ukutani pangebaki shimo, katika msimu wa mvua, na mwenye eda akiwa ndani.

"Mzee Swalehe alikuwa akirina asali," akasema, kana kwamba mimi sikuwa mtoto wa Mzee Swalehe. "Mzinga ukipasuka, nyuki hutembea nje kuupaka? Huziba ndani, pale mbao zinapokutana. Nyinyi watu watatu mmepaka uso wa dirisha miaka mitano. Hakuna aliyetazama nyuma yake. Shika huko nje, lisije likaanguka."

Skrubu zilikuwa ishirini na mbili, zote upande wa ndani, zikibana fremu ya ndani na ile ya nje. Zilikuwa zimeshika kutu. Aliweka tone la mafuta ya taa kwenye kila moja, akasubiri akivuta uradi, kisha akazifungua kwa bisibisi ya marehemu. Nilikuwa nasikia pumzi zake kupitia ukutani. Nilikata lami kwa kisu pande zote, na skrubu ya mwisho ilipotoka, dirisha zima likaniangukia kifuani na kioo chake. Nikalipokea, alhamdulillahi, bila kuvunjika. Kwenye shimo nikaona uso wa dada yangu ndani ya kaniki, jasho linamtiririka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona juani tangu msiba. Haraka akatundika kipande cha kaniki, uso ukapotea.

Halafu nikasikia anacheka.

"Awadhi! Njoo ndani uone kazi ya shemeji yako!"

Nikaingia. Alikuwa anavuta kitu kutoka katika pengo kati ya bati na mbao. Ilikuwa pamba, pamba iliyosokotwa, ndefu kama mkia wa ng'ombe, nyeusi kwa maji. Saadi, ili kuziba, alikuwa ameisokomeza pande zote kwa uangalifu mkubwa.

"Ametia utambi," dada akasema. "Wallahi ametia utambi! Taa inavuta mafuta, dirisha likavuta mvua. Ndiyo maana ulipozidi kupaka nje, ndani kukazidi kulowa. Mume wangu alijua injini. Maskini, dirisha hakulijua."

Akaendelea kuivuta na kucheka. Ilipokwisha yote mkononi akaketi chini nayo mapajani. Nikatoka nje, nikaanza kukwangua fremu. Nilikwangua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Katika fremu ile tuligundua jambo la pili. Chini, upande wa nje, palikuwa na vitundu vitatu vidogo. Vyote vilikuwa vimezibwa kwa lami, na mmoja wa wazibaji alikuwa mimi. Vilitobolewa kiwandani ili maji yanayoingia kwenye mfereji wa kioo yatoke. Tulipoyafungia mlango wake, yakatafuta mwingine, nao ulikuwa kwenye godoro.

Ubao wa chini ulikuwa umeoza. Nikachonga mwingine wa mninga. Dada akaweka jiko la makaa karibu na shimo kukausha mbao. Jumatatu akayeyusha nta, akapaka, tukalirudisha dirisha, tukakaza skrubu. Nikasema kazi imekwisha. Jumanne jua likawaka kama linalipiza, bati likawa halishikiki, na kufikia adhuhuri nta yote ikateremka ukutani.

Amri akapita saa hiyohiyo. Alikuwa analala kwa jamaa yake jirani, akisubiri Ijumaa, na nadhani alikuwa akituchungulia.

"Shemeji! Unanukia hadi barabarani! Mwenye eda hajipaki manukato!"

"Nanukia nyuki, shemeji. Karibia wakuume."

"Nitamwambia Mwalimu."

"Mwambie. Mwambie pia mwenye trekta asinunue dizeli."

Amri alipoondoka, dada alikaa kitandani, na kwa mara ya kwanza niliona amechoka. Nilimwambia kwamba Nkowe si mbali, ni miezi mitatu tu, na mimi ningelinda gari. Sikusema kwa unafiki. Nilimhurumia.

Akanitazama. "Awadhi, mume wangu wa kwanza alinitoa kwake kwa maneno mawili, nikiwa nimeshika sufuria. Nikarudi kwa baba. Baba akafa, kaka wa baba akanitoa. Hapa ndipo mahali pekee duniani palipotajwa kuwa pangu mbele ya mashahidi. Mungu mwenyewe ameniamuru nikae ndani yake miezi minne na siku kumi. Amri ni nani?"

Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua nta ukutani.

Kisha akauliza kama mipira ya porini bado ipo kwenye bonde la kuelekea mashambani. Nikaelewa. Wakati wa vita vya Hitla serikali ilitaka mpira, na baba alikwenda msituni kuchanja ile miti inayotambaa, kama alivyofanya ujanani enzi za Mjerumani. Dada alikuwa akimfuata, anakusanya utomvu na kuuviringisha kuwa mabunda. Sisi wadogo tuliubakiza kidogo, tukauchemsha kuwa ulimbo wa kunasia ndege. Ndege aliyekanyaga ulimbo wa dada yangu hakuruka tena.

Jumatano nilikwenda, nikachanja, nikarudi na kibuyu nusu cha utomvu mweupe na mikono iliyogandana. Dada akauchemsha pamoja na nta kwa moto mdogo, akatia matone ya mafuta ya ufuta, akakoroga mpaka ukavutika kama kamba bila kukatika. Akapaka kwenye bati kwa mwiko, akachukua muda, akaniuliza mara tatu kama natumbukiza mchanga. Tukalisukuma dirisha mahali pake, mimi kwa bega kutoka nje, yeye akikaza skrubu ndani: moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, ili libanwe sawasawa. Ulimbo ukatokeza pembeni kote kama mdomo.

"Usipanguse," akasema. "Na vile vitundu vitatu vya chini, chomeka njiti ndani yake. Ulimbo ukishika, uzitoe."

Alhamisi jua liliwaka tena. Nilikwenda kulitazama kila baada ya sala. Halikusogea.

Ijumaa, baada ya sala, walikuja. Nadhani nusu ya msikiti ilifuatana nao. Amri alikuwa na ngazi na madebe mawili. Mwalimu Abdala akaingia ndani pamoja nami, na dada akawa nyuma ya pazia upande wa pili wa chumba. Mwalimu akatoa karatasi kavu mfukoni, akaitandaza chini ya dirisha, akaketi kando yake kwenye kiti cha mpimaji.

"Bismillahi," akaita. "Mwaga!"

Amri akamwaga. Maji yakapiga kioo, yakateremka. Karatasi kavu. La pili. Kavu. Watu nje wakawa wanahesabu kwa sauti, wakimchotea kutoka kisimani. Debe la tano, la sita. Kwa nje nilisikia mtu akisema, "Angalia, yanatoka kwa vitundu!" Mwalimu alikuwa ameinama, pua karibu iguse ukuta. Debe la nane. Kavu.

Debe la tisa halikuja kwenye kioo, na Mwalimu akasogeza kiti hadi katikati ya chumba. Nikasikia ngazi ikisogezwa na miguu ikipanda juu zaidi. Mara maji yakashuka kwa kishindo katikati ya chumba, kutoka kwenye tundu la hewa la paa, moja kwa moja juu ya kichwa cha Mwalimu Abdala.

Maji yakamchuruzika Mwalimu hadi mabegani. Kisha sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia, taratibu.

"Shemeji, dirisha liko ubavuni. Hapo ni utosini."

Mwalimu alivua kofia, akaikamua, akaivaa tena. Akaokota karatasi chini ya dirisha, akaigusa pande zote mbili, akasimama mlangoni watu wamwone.

"Karatasi ni kavu," akasema. "Iliyolowa ni kofia yangu, na kofia yangu si nyumba ya mtu. Mwanawetu anakaa eda yake hapa. Amri, shuka."

Amri alishuka. Alikwenda Nkowe siku ileile, na sitaki kumsema zaidi, kwa kuwa alikuja kumzika dada juzi na alilia kweli.

Trekta lilikuja Jumatatu, maana hakuna aliyekwenda kumzuia mwenye trekta. Dereva akapiga honi. Dada akatelezesha kioo cha dirisha kiasi cha kidole, akamwambia mzigo haupo. Dereva akasema mzigo si huu ninaouona? Dada akasema, "Unaona nyumba. Nenda salama."

Alimaliza eda Mei, siku ya mwisho ikiwa Jumatano. Alikoga, akavaa kanga nyeupe na nyekundu, akatoka kwenye mlango wake kwa miguu yake. Watu walidhani atakwenda kwanza kaburini, na kaburini alikwenda, lakini baadaye. Kwanza aliniita nilete jeki. Tukaondoa magurudumu yote sita, tukapandisha gari juu ya magogo ya mninga. Matairi akawagawia wenye kutaka kukata makubadhi. Mpaka hivi karibuni ulikuwa unaweza kumkuta mtu Nambambo akitembea juu ya gari la Saadi.

Aliishi humo miaka mitano zaidi. Alikataa waposaji watatu. Kila mwaka kabla ya mvua alilitoa dirisha, akalikwangua, akalipaka upya, wala hakukubali nimfanyie peke yangu. Ile pamba ya mumewe hakuitupa. Aliifua, akaianika, akaiweka katika kopo kabatini, na wanawake waliomwosha wiki hii waliikuta kama alivyowaagiza. Walimkafini nayo. Mwenyezi Mungu awakutanishe, na amsamehe Saadi hesabu yake mbaya ya dirisha.

Jana kijana mmoja kutoka Ruangwa alinijia, akaniuliza kwa adabu kama familia inauza bati. Nikamwambia mwenye nyumba hajafikisha hata wiki kaburini. Akasema hata hivyo dirisha litavuja tu sasa, kwa kuwa hakuna anayejua marehemu alilipaka nini.

Nimeshachanja utomvu. Uko jikoni, unachemka. Nikimaliza ukurasa huu nitazifungua zile skrubu ishirini na mbili.